Mashua Aliyoifunika Nicanor

Nilimwona Nicanor mara ya kwanza mwaka 1966, ufuoni Homa Bay, amepiga magoti kando ya mashua, sikio limebanwa ubavuni, akiigonga kwa sarafu. Mvuvi mmoja akamtania, "Daktari, mgonjwa anapumua?"

"Anapumua," akajibu bila kuinua kichwa. "Anayenuka kama maiti ni wewe."

Mimi huona haya hata kusalimia, lakini siku ile nilicheka na wengine, kisha nikahamishia kazi yangu ya useremala karibu naye.

Alitoka Kendu Bay, Msabato kabisa. Kisumu alikuwa amefundishwa kufunika mashua kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi. Ikikauka, maji hayapiti. Sarafu ililia kavu pale gundi iliposhika. Penye uwazi ililia butu.

Mashua mpya ya mvuvi Walter, aliyoifunika Nicanor, ililia kavu kila mahali. Kwa kukitegemea kitambaa hicho, mianya ya mbao haikuzibwa pamba. Baada ya wiki chache ziwani, kitambaa cha upande mzima kilibanduka wavuvi wakiwa mbali na nchi kavu, na mdogo wake Walter akafa maji.

Nicanor hakula vizuri tena. Alichukua vipande vya mbao, kimoja kikavu, kimoja kibichi, kimoja chenye mafuta, akavifunika na kuviloweka ziwani. Alipovigonga, vyote vililia sawa. Alipoingiza patasi chini ya vitambaa, viwili vilipasuka pamoja na mbao. Cha mafuta kilibanduka kizima, safi, kama ganda la ndizi mbivu. Gundi ilikuwa imelalia tu, haikushika.

Tukaenda kumuuliza mama yake Nicanor, Jedidah, kama kuna aliyeipaka mashua mafuta. Kwao mashua mpya ilipokelewa kama bibi arusi.

"Nilimpaka mafuta ya samaki kamongo ulipofuata gundi," alisema kwa furaha. "Nikampangusa usijue. Ninyi Wasabato kamongo mnamwona najisi. Lakini bibi arusi aingie na ngozi kavu, nyathina, mwanangu? Nilikuombea baraka."

Nicanor alimshukuru. Kesho yake, mbele ya wazee nyumbani kwa Walter, alisema alikosea kuchanganya dawa ya gundi. Walimtemea mate miguuni. Hakuna aliyempa mashua tena, na aliyemsema kuliko wote sokoni Rangwe alikuwa Jedidah: mwanawe, alisema, amelichafua jina la baba yake.

Akahamia Migori kutengeneza vitanda. Yeye na mama yake sasa ni marehemu, ndiyo maana naandika. Nilimtembelea mara moja tu, mwaka 1969, nikamweleza maneno ya mama yake yalivyoniudhi, nikaomba ruhusa nimwambie ukweli. Aliendelea kupiga randa mpaka ubao ukaisha.

"Acha anilaumu mimi, omera, ndugu yangu," alisema. "Akijua, hatakuwa na wa kumlaumu ila yeye mwenyewe."