Kwa Daktari Nsimire, aliyenisomea fizikia dukani Kikuubo

Siamini, na sijui nitaanza kuamini lini. Jumamosi nilisimama kaburini, nikatupa udongo kwa mkono huu huu, na leo Alhamisi alasiri bado nimemwekea kiti.

Wengi mnaonifuata hapa mtandaoni mnanijua kwa bei za iliki na mdalasini. Leo sina bei. Leo nawaambia habari za rafiki yangu.

Nsimire alikuwa mwanamke wa Bukavu, Kongo. Vita vilimleta Kampala, akabaki, akafundisha chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa fizikia ya kwanta, upande wa nadharia. Hakuwa na maabara wala mashine. Alikuwa na karatasi, kalamu na hasira kidogo.

Hapa dukani wote walimwita Daktari, na jina hilo lilimponza. Kina mama wa soko letu la Kikuubo walimletea magoti yao na vidonda vya tumbo. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, halafu akawaelekeza hospitali ya Mulago. Mmoja akarudi kushukuru, amepona. Nsimire akaniambia hiyo ndiyo kazi yake pekee iliyowahi kumsaidia mtu.

Tulijuana kwa sababu ya mizani. Ninayo ile ya sahani mbili, ya marehemu babu. Siku ya kwanza aliomba pakiti tatu za binzari, zimefungwa, akaanza kuzipima mbili mbili. Nikamuuliza kama ananunua au anakagua.

Akasema kwenye kompyuta za kwanta kuna habari ambayo ukiitazama tu, umeiharibu. Sasa utajuaje kama imeharibika yenyewe? Akaweka pakiti ya kwanza na ya pili, sahani zikalingana. Akaweka ya pili na ya tatu, sahani moja ikapanda. "Unaona? Yenye kasoro ni ya tatu, na hujafungua hata moja. Hata uzito yake huijui."

Nilichoona mimi ni kwamba pakiti yangu imekutwa pungufu mbele ya wateja.

Kujitetea, nikasema labda mizani ndiyo mbovu. Akanitazama, akacheka mpaka akashika meza. Akasema swali hilo hilo linawanyima usingizi yeye na wenzake dunia nzima. Yaani unafanyaje, kama hata kile unachokagulia kinakosea?

Alhamisi iliyofuata akarudi. Ikawa desturi.

Hakuna paper yake ya utafiti iliyotoka Kampala bila kusomwa kwanza hapa, kwa Kiswahili. Shule mimi niliiacha mapema. Fizikia yangu ni ya video za simu na vitabu vya mitumba. Kazi yangu ilikuwa moja, kusema "hapo nimepotea". Mara nyingi nilipotea kwa ujinga wangu tu, naye akaendelea bila wasiwasi. Lakini akijaribu kunieleza hatua, akajaribu tena, akashindwa, alijua hata yeye hajaielewa sawasawa. Anakunja karatasi zake, anarudi nyumbani kufuta.

"Yaya Swaleh, usinikubalie mbio-mbio," alikuwa akisema; yaya kwao ni kaka. "Watu ya kunikubalia iko mingi kule chuo."

Jumapili moja tulikwenda Port Bell, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kula samaki. Akaliangalia ziwa muda mrefu. Akasema ni zuri, lakini silo lile la kwao. Akaacha samaki wake wapoe. Alitamani kuzikwa Bukavu. Barabara imefungwa na vita, tukamzika hapa Kampala.

Paper yake ya mwisho ilihusu kasoro za vipimo, na aliihangaikia kuliko zote. Alinisomea nusu. Nusu ya pili tuliiweka Alhamisi. Jumanne asubuhi moyo wake ukasimama, akiwa anajiandaa kwenda kazini.

Leo amekuja Okello, mwanafunzi wake waliyeandika naye paper hiyo. Kiti cha mwalimu wake amekikwepa, akakaa juu ya gunia. Deadline ya kuituma ni kesho, na kuna kundi la watafiti ng'ambo linakaribia jibu hilo hilo. Wakitangulia wao, jina la Nsimire litabaki nje. Angeweza kutuma tu, nani angemuuliza? Akasema kidole kinakataa kubonyeza submit kabla hajanisomea.

Kiswahili chake alikirithi kwa baba askari, kwa hiyo uthibitisho nimesomewa kama amri ya gwaride. Nimemfuata vizuri, hadi karibu na mwisho. Nikapotea. Akarudia. Nikapotea pale pale. Akasoma tena ule mstari, kimya, akaiweka laptop chini.

"Mzee," akasema, "hata mimi hapa nilikuwa namwamini tu yeye."

Hatua moja haipo. Huenda Nsimire alikuwa nayo kichwani. Huenda naye alikuwa anaitafuta. Hakuna wa kumpigia simu.

Tumebishana. Okello anasema reviewer, yule wa kuikagua, hataona. Nikamwambia sisi tumeshaona. Mwishowe tumekubaliana kwamba itakwenda kesho, jina lake mbele, na mahali pale pataandikwa wazi kuwa hatua hii tunadhani ni kweli, hatujaweza kuithibitisha. Okello anasema sasa imekuwa paper ndogo. Najua. Ametoka akifuta macho kwa mkono wa shati.

Nsimire, jibu litapatikana. Atalileta mtu wa mbali, na Okello atakuja kunisomea kwa sauti ya kambini, nami nitafurahi kwa ajili yako. Lakini mimi nililitaka kutoka kwako, ukinielezea kwa njia hii na ile, ukinisonya kidogo, mpaka niseme "haya, sasa nimeona".

Nilikuzoea, dada yangu. Lala salama, Daktari. Swali nimebaki nalo mimi.