Konokono wa Ukuta wa Shule

Shangazi yangu hupima sumu kwenye konokono. Kwanza huwafungia bila chakula mpaka matumbo yawe matupu, naye hanywi chai mbele yao. "Vumilieni, wanangu," huwabembeleza. Kisha huwapasua taratibu na kutoa ini, kwani humo ndimo konokono hulimbikiza madini ya sumu. Alipotangaza kwenye kikao cha mtaa kwamba amekuta madini ya risasi humo, meneja wa kiwanda cha betri cha hapo mtaani alicheka: "Hayo madini ya risasi ni udongo waliokula tu!" Shangazi hata sauti hakupandisha. "Udongo wote walishakunya, baba, kinyesi nilifagia mwenyewe. Hii risasi imo kwenye ini. Na niliwaokota kwenye ukuta wa shule." Kicheko kikamkauka meneja. Nami nikamwambia aliyeketi kando yangu kabla hajauliza: "Shangazi yangu huyo."