Kidonge Kimoja Hakitoshi

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya kifua kikuu mjini Nakuru, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Sista Msimamizi alinipa aproni na amri moja: "Mgonjwa akisema amemeza, mwambie afungue mdomo." Nilikuwa dresa, yaani mtu wa kufunga vidonda na kugawa dawa. Katika miaka yangu yote kazini, hakuna mkubwa mwingine aliyeniambia neno la maana kuliko hilo.

Dawa zilitolewa mbili pamoja. Moja ilikuwa kidonge kidogo cheupe, rahisi kumeza. Ya pili, tuliyoiita PAS, ilikuwa unga mchungu ndani ya vifuko vikubwa vya kumezwa vizima, na mgonjwa alimeza vingi kwa siku mpaka tumbo likachafuka. Sista alinieleza sababu. Kati ya vijidudu vyote kifuani, vichache huhimili kidonge na vichache vingine huhimili PAS, ila kinachohimili zote mbili ni nadra sana. Ukitoa dawa moja tu, unaua vile dhaifu na kuviachia vile sugu nafasi yote vizaane.

Kisha nikapelekwa Elburgon, kwenye kambi ya kiwanda cha mbao. Huko nilibuni utaratibu wangu. Kila asubuhi kabla ya kengele ya kazi, wagonjwa walipanga foleni kwenye jiko la kambi, wakameza dawa zote mbili kwa uji, midomo wazi mbele yangu.

"Dresa, hii ingine inanichoma tumbo," Cheruiyot, mpasua mbao, alilalamika kila siku. "Si unipee tu ile ndogo?"

"Meza, bwana. Uji iko."

Alinuna, lakini alimeza.

Ndipo Daktari wa Wilaya, Mzungu, akaja kukagua. Aliona masanduku ya PAS yamejaza nusu ya lori, akaona na sufuria yangu ya uji.

"Wewe napika uji? Hapana kazi ya dresa! Hii sanduku mingi sana. Toa ile dogo tu, kila mtu nabeba ya mwezi moja, nakula kwa nyumba."

"Bwana Daktari, wadudu watazoea."

"Nani daktari hapa?"

Niliogopa kufukuzwa. Nikasema, "Ndiyo, bwana." Hadi leo najichukia kwa hiyo ndiyo.

Kwa kidonge peke yake Cheruiyot alinenepa, akacheka, akarudi kwenye msumeno. Miezi michache baadaye alianza kukohoa damu, na kidonge hakikumsaidia tena. Tulimzika. Kisha mkewe, Tabitha, akaja akikohoa.

"Nipee ile ilimsaidia bwanangu mwanzo," aliniomba. "Mimi sijawahi kumeza dawa hata siku moja."

Maabara ilipopima makohozi yake, jibu lilikuwa kwamba kidonge hakiviwezi vijidudu vyake. Tulijaribu dawa nyingine ya sindano pamoja na PAS, lakini tulikuwa tumechelewa. Daktari wa Wilaya alikwisha kupandishwa cheo.

Siku ya kustaafu kwangu, mkubwa wangu wa mwisho aliniomba niwasimulie vijana kuhusu watu niliowaponya. Nikawasimulia kuhusu Tabitha. "Mzee, leo ni sherehe," alininong'oneza. Nikamwambia akae, sijamaliza.

Na sijamaliza. Mnanunua nusu dozi dukani, mkipata nafuu mnaacha, zilizobaki mnamgawia jirani, halafu mnaniita mzee mwenye hasira. Ndiyo, nina hasira! Yule mama hakukosea lolote, alilala tu chumba kimoja na mumewe. Vijidudu vilivyomuua nilivilea mimi, kwa mkono huu, nikitii amri.