Mgonjwa Aliyenyimwa Sindano Makunduchi

Niliondoka mjini kwa sababu niliombwa ulimi wangu. Nimesoma China miaka mitano, na sasa nasomesha skuli hapa Unguja. Daktari Wen, Mchina wa makamo anayetibu kwa sindano za kwao, alitaka mtu wa kumfasiria Makunduchi. Huko wako wakulima wa mwani ambao kuja mjini kutafuta tiba kunawashinda. Yeye huwafuata, na asiye na kitu hamtozi. Nilikubali kwa ajili ya marehemu mama yangu, aliyeishi na maumivu ya mgongo mpaka siku yake ya mwisho.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari lake lilinichukua Michenzani. Njia nzima Daktari alijizoeza swali moja la Kiswahili: "Panauma wapi?"

Makunduchi tulifika saa mbili. Tulipewa chumba cha nyuma katika nyumba ya mwenyeji wetu, na kinamama walikuwa wameshakaa mkekani wakisubiri. Migongo na magoti, karibu wote. Mwani hulimwa kwa kuinama majini, na miaka ikipita mwili hukumbuka. Daktari aliwachoma sindano nyembamba kama unywele, mmoja mmoja, bila haraka. Mmoja alipoinuka alisujudu palepale kujaribu mgongo wake, akalia.

Karibu na adhuhuri aliingia Bi Mize, mama mtu mzima, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie miguu yaniwaka moto usiku, na mchana siisikii kabisa."

Daktari aliinua mguu wa kulia, akautazama wayo. Kipande cha gome la chaza kilikuwa kimezama chini ya kidole gumba, na nyama kando yake imekuwa nyeusi. Bi Mize hakuwa na habari. Daktari akaziweka sindano kando.

"Hapa sichomi," aliniambia kwa Kichina. "Nadhani ni sukari. Asipofika hospitali leo, atakatwa mguu, au atakufa."

Nilimtazama yule mama, nikayalainisha maneno. Nikamwambia, "Anasema ni vyema ukapimwe hospitali."

"Ntakwenda, inshallah. Mwani ukishavunwa."

Akaanza kujifunga kanga aondoke. Daktari akanigeukia. "Mbona hakushtuka? Umemwambia nini?"

Niliona haya. Nikachutama mbele ya Bi Mize, nikamfasiria upya, neno kwa neno, mguu na kifo.

"Wenzangu wote kawatibu," alisema polepole. "Mie kanikataa?"

"Hajakukataa, Bi Mize. Anasema sindano zake hazifiki huko."

Saa saba tulikuwa njiani kurudi mjini, Bi Mize kiti cha nyuma, mguu umefungwa kitambaa safi. Kinamama waliobaki waliahidiwa kutibiwa safari ijayo, na hakuna aliyenung'unika. Hospitali walimpima sukari, wakamlaza hapohapo. Siku ya tatu vidole viwili vilikatwa. Mguu ulibaki.

Baada ya wiki nne nilirudi Makunduchi na Daktari. Bi Mize alikuwa kitako barazani kwake, fimbo pembeni. Majini harudi tena, na hilo alilisema bila kulia, huku akitazama upande wa pwani. Niliyojifunza katika safari zile mbili ni machache. Tiba rahisi iliyo karibu inawainua watu ambao hakuna aliyewajali, na mganga mwenye kujua mwisho wa dawa yake ni bora kuliko mwenye dawa ya kila kitu. La tatu nilifundishwa na Bi Mize.

"Siku ile, mwanzo," aliuliza, "Mchina alisema nini hasa?"

Nilimwambia kweli: kwamba niliyaficha maneno ya Daktari kwa kumwonea huruma.

Aliiweka fimbo mapajani.

"Huruma yako," alisema, "ingenizika."