Siku Niliyozimisha Feni Ukweni kwa Juma

Nianze na aibu yenyewe ili mnicheke mara moja tumalizane: mie, mtu mzima, niliyesoma masomo ya jioni Temeke mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne nikiwa na watoto wawili, niliamini kwa moyo wote kwamba upepo wa feni wakati wa joto kali unakausha maji ya ubongo na mtu anarukwa na akili. Habari hiyo nilipewa na kinyozi wangu (wembe ulikuwa shingoni, ningebishaje?).

Basi Februari ile, joto limepanda mpaka mijusi wanatembea kwa ncha za vidole, nikazima feni nyumbani na madirisha nikafunga, kulinda akili. Siku ya pili mke wangu akachukua watoto akahamia kwa dada yake. Usiku silali, nalowa kama nimevuliwa baharini. Siku ya tano nililia kwa sababu kandambili imekatika, nikagombana na jogoo wa jirani, na kila dalili ikazidi kunithibitishia kwamba feni ilishaniharibu zamani.

Ndipo rafiki yangu Juma akaniomba niwe mshenga wake, nimpelekee barua ya posa kwa kina Zuhura, kule Tegeta. Alishakataliwa nyumba mbili. Akaniambia, "Kaka, huyu naye akinipita, mie sioi tena."

Tukaenda mie na baba yake mdogo Juma, saa nane mchana, mie ndani ya kanzu na koti juu. Nikaiweka barua mezani kwa heshima zote. Tatizo, feni ya darini ilikuwa inazunguka juu ya utosi wangu hasa. Nikavumilia dakika mbili, kisha nikaomba izimwe, nikasingizia mafua. Mgeni aliyeleta posa hakataliwi kitu, kwa hiyo Mzee Kondo, mjomba wa Zuhura, akainuka mwenyewe akaizima.

Jamani, robo saa haikuisha ile sebule ikawa tanuri la mkate. Wazee wanajipepea kwa visahani, sharubati nusura ichemke, na Mzee Kondo, kama ilivyo desturi ya kumtania mshenga, akaniuliza kijana wetu anafanya kazi gani, nikamjibu fundi wa friji, akauliza tena, nikajibu tena, akauliza mara ya tatu huku anatabasamu. Hapo kila mtu anajua mshenga anatakiwa acheke, ajishushe, mambo yaende. Mie nikaisikia sauti yangu inasema, "Mzee, nimeshajibu mara mbili, au na wewe ubongo umekauka?"

Baba mdogo akanifinya paja, alama ninayo mpaka leo. Badala ya kuomba radhi, nikainyakua barua, nikatangaza kwamba posa tumeiondoa, nikausukuma mlango na kutoka kwa hasira, nikaingia chumbani kwa Zuhura.

(Milango ilikuwa miwili.) Wasichana waliokuwa wametega masikio nyuma ya mlango wakatawanyika kama kuku. Zuhura peke yake hakusogea. Akanyoosha mkono, akasema taratibu, "Shemeji, mlango wa kutokea ni ule mwingine. Barua niachie."

Nikampa. Kisha nikakaa palepale kwenye zulia, nikaanza kulia mbele ya wasichana sita, kwikwi kabisa, kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Akaja shangazi yake, nesi mstaafu, akafungua madirisha, akawasha feni, akaninywesha maji nusu jagi na kunifunga kitambaa cha maji shingoni, akaniuliza mara ya mwisho nimelala lini. Nikamweleza yote, na kinyozi nikamtaja. Kule sebuleni nikamsikia Mzee Kondo anacheka mpaka anakohoa, anaagiza barua isomwe, ila asisome yule. (Juma ameoa. Mie nilikaa meza ya nyuma, na ushenga nimeapa siugusi tena msimu wa joto.)

Shangazi hakucheka. Alinishika bega akasema, "Mwanangu, feni haikaushi kitu kichwani. Hujalala siku tano kwenye joto hili, na maji hunywi. Yeyote angekuwa mkali, yeyote angelia. Huna wazimu, umechoka. Lala."