Chungu cha Kufungulia Mwaka

Ungetaka kujua mwoga anafananaje, ungemtazama mpiga pasi wa meza ya kwanza katika kiwanda kimoja cha kufulia nguo, mama mmoja waliyembandika jina la Tahadhari. Jina lake la kuzaliwa alilijua mumewe na daftari la mahudhurio, basi. Miaka kumi na saba alinyoosha mashuka ya hoteli, na katika miaka yote hiyo hakuna jioni aliyoondoka bila kurudi mara tatu kuhakikisha pasi ameichomoa. Akifika kituo cha basi, roho haimtulii, anarudi tena. Barabara alikuwa havuki peke yake. Alisubiri watoto wa shule, akajipenyeza katikati yao, mama mzima na mkoba wake, wakavuka pamoja.

Wenzake walimcheka, lakini kicheko cha nyumbani, hakina sumu. Wakubwa kwa wadogo walimwambia kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, wakampisha apite. Mambo yaliharibika mwaka uliotangulia, pale alipoona wingu jeupe likitoka stoo, akapiga kengele ya moto. Watu wote kumi na watano wakamwagika nje na sabuni mikononi, zimamoto wakaja na king'ora, kumbe ni bomba la mvuke limelegea. Msimamizi, mtu wa maneno machache na funguo nyingi, alimwita pembeni. "Mama, nakuheshimu. Lakini ukipiga kelele nyingine ya bure, itabidi tuagane." Tangu siku hiyo Tahadhari alijifunza kuogopa kimyakimya. Na mimi nakuambia, hakuna woga mbaya kama huo.

Sasa sikiliza habari ya chungu, maana bila chungu hakuna kisa. Kiwandani pale walikuwa na desturi yao, hawakuazima kwa mtu. Siku ya kwanza ya kazi katika mwaka mpya, kila mmoja alikuja na ngumi moja ya nafaka kutoka kwake. Unaichota alfajiri, kwa mkono wa kushoto, taa haijawashwa, kutoka kopo la kwanza ambalo mkono utaligusa. Huchagui, huchambui, huoshi. Ukiosha umeosha bahati. Unaifumba ngumi mpaka kazini na kuifumbulia juu ya chungu kinachochemka, ili chakula cha mchana kisikupungukie mwaka mzima. Na mkono wenyewe hauoshwi mpaka mmekula. Kila mtu anakula vijiko vitatu kabla pasi haijagusa nguo ya mteja. Asiyekula anahesabiwa kwamba amewatakia wenzake mabaya. Aliyeanzisha mambo hayo simjui, ila nina hakika hakuwa mtu wa kula vitu visivyooshwa nyumbani kwake.

Mwenye chungu alikuwa Bi Doa. Huyu ndiye aliyetoa madoa pale tangu kiwanda kilipokuwa beseni mbili na kamba. Umri wake ulikuwa wa kupumzika nyumbani, lakini nani angemwachia mtu mwingine doa la mvinyo kwenye kitambaa cha harusi? Alinusa doa, akalilamba kwa ncha ya kidole kama hana uhakika, akakwambia hii ni chai, hii ni damu, hii ni dawa ya kikohozi, na huyu mteja ana mtoto mdogo. Ndiye aliyempokea Tahadhari akiwa msichana anayetetemeka hata akisalimiwa, akamfundisha kushika pasi, na mpaka leo alimwita mwanangu.

Asubuhi ya siku hiyo ya kwanza Tahadhari aliamka amechelewa. Alipapasa rafuni gizani, mkono wa kushoto ukakutana na kopo, akafungua, akachota, akafumba, huyo mbio kituoni. Alipofika uani kiwandani alifumbua ngumi juu ya chungu, mvuke ukampiga usoni, punje zikazama na wenzake wakapiga makofi. Kisha akaenda kupanga mablanketi mekundu, kazi ya kusubiria chakula. Alikuwa na furaha, bwana. Mwaka mpya, na hakuna kilichomtisha tangu alipoamka.

Ilipokaribia saa tatu alikwenda mezani kwake, akawasha pasi ipate moto, akatandika foronya ya kwanza tayari kwa kazi. Ilikuwa nyeupe pe! Akailainisha kwa kiganja cha kushoto. Alipoinua mkono, pale palipokuwa kiganja palikuwa na rangi ya waridi, vidole vyote vinne na kidole gumba.

Kwanza aliogopa kwa ajili ya foronya. Nguo ya mteja, siku ya kwanza ya mwaka! Akageuza kiganja chake kukitazama. Mkono ulikuwa umeloa jasho la mvuke, na kwenye mistari ya kiganja rangi ilikuwa nzito, nyekundu. Akakipeleka puani. Kilinuka kama duka la pembejeo.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa amelala kwao usiku wa kuamkia jana akielekea shambani, na alibeba kopo la mahindi ya mbegu, yale yaliyotiwa dawa ya wadudu mpaka yakawa mekundu. Alisema ataliacha na kulipitia Jumamosi. Lakini aliliweka wapi? Chini ya kitanda, au rafuni? Tahadhari alijaribu kukumbuka, akaona kichwa chake ni cheupe kama foronya.

Alikwenda uani mbio, kisha alipofika mlangoni mbio zikaisha. Wenzake walikuwa wamekaa kwenye marobota wakitaniana, sahani mapajani. Msimamizi naye alikuwapo, funguo zikilia kiunoni. Bi Doa alikuwa ameinama juu ya chungu. Maharage yalikuwa yametoa rangi, mchuzi umekuwa mwekundu wote, huwezi kujua wekundu upi ni wa nini.

"Aa, Tahadhari," msimamizi akasema. "Vipi tena, kuna moto?"

Uani watu wakavunjika mbavu. Hata Bi Doa alicheka, mabega yakimtikisika, huku ameshika upawa.

Tahadhari akafungua mdomo. Je, kama si dawa? Kama ni rangi ya blanketi tu? Watamwaga chungu cha mwaka kwa ajili ya blanketi, na yeye atarudi nyumbani hana kazi. "Hapana," akasema, "nimekuja kuangalia kama kimeiva."

Bi Doa akachota mchuzi kwa upawa, akaupuliza, akaunywa. Akapiga ulimi kwenye kaakaa, akaongeza chumvi. Tahadhari aliyaona yote hayo akiwa amesimama mlangoni, na hakusema kitu.

Alirudi ndani, akajificha nyuma ya mashine ya kukaushia, akampigia simu binti yake mkubwa. Namba aliikosea mara mbili.

"Kopo la baba mdogo liko wapi?"

"Rafuni, mama. Liko wazi, kifuniko kipo pembeni. Nilidhani panya." Binti akasita. "Mama, kuna nini?"

"Lina lebo?"

"Lina picha ya fuvu."

Tahadhari hakukumbuka kukata simu. Aliinyakua foronya mezani na kukimbia, na safari hii hakusimama mlangoni. Sahani zilikuwa zimeshajazwa. Dada wa meza ya pili, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa na kijiko midomoni, anapuliza. Tahadhari akakipiga kile kijiko kikaruka mpaka ukutani.

"Msile! Nimeleta sumu. Ngumi yangu ilikuwa ya mbegu zenye dawa. Msile, jamani."

Mtu akaguna, mwingine akasema haya, tumeanza mwaka. Dada mjamzito alikuwa akifuta mchuzi kifuani, amekasirika. "Dada, ungeniunguza." Msimamizi alisimama polepole. "Mama, si tulikubaliana?"

Angewaeleza nini? Habari ya shemeji, ya rafu, ya panya? Akaitandaza foronya mbele yao, akaishika kwa ncha mbili, kiganja chekundu katikati.

Na hao walikuwa watu wa kufua. Ungewaambia neno wangebishana mpaka kesho, lakini doa hawalibishii. Wote wakageuka kumtazama Bi Doa. Mama wa watu akaiweka sahani chini, akaivuta foronya, akaisogeza puani. Hakuilamba. Akanusa mara ya pili, akaikunja vizuri kama nguo iliyokwisha pigwa pasi.

"Si chakula hiki," akasema. "Wekeni sahani chini wote. Nani amekula?"

Hakuna aliyekuwa amekula. Mmoja mmoja walitikisa vichwa, wakasogeza sahani mbali kwa ncha ya kiatu. Watu wakaanza kushusha pumzi.

"Mimi nimeonja chumvi," Bi Doa akasema. "Mara mbili."

Walimpakia kwenye gari la kusambazia nguo, katikati ya magunia ya mashuka, msimamizi mwenyewe akiendesha. Tahadhari aliingia nyuma bila kuulizwa. Kabla hawajafika barabara kuu jasho lilianza kumtoka Bi Doa, jasho la mtu aliyemwagiwa maji, na mate yakamjaa mdomoni asiweze kuyazuia. Tahadhari alimfuta kwa taulo ya hoteli. Bibi alitapika kwenye taulo hiyo, akapewa nyingine, akatapika tena. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Tahadhari aliushika na kuhesabu mapigo yake. Kila aliposhindwa kuyapata moyo wake mwenyewe ulisimama. Miaka yote ile alikuwa ameogopa pasi, magari, mende, nyaya, na leo aliona kwamba vyote vile vilikuwa mchezo. Moyoni alijiona ameshaua mtu. Na mtu mwenyewe ni yule aliyemwita mwanangu.

Hospitalini binti ya Tahadhari aliwakuta mlangoni na lile kopo kwenye mfuko; alikuwa amesikia yote kwenye simu isiyokatwa, akaja na pikipiki. Daktari akasoma lebo, akauliza ni kiasi gani, akauliza tangu saa ngapi. "Mara ya kwanza saa mbili na nusu," Bi Doa alinong'ona. "Ya pili saa tatu." Daktari akaandika. Wakamsukuma na kitanda chake ndani, mlango ukajifunga wenyewe, na Tahadhari akabaki koridoni na taulo mbichi mkononi. Msimamizi alimletea chai. Akamwambia pole, na akaongeza kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba, kwamba leo mama ameokoa watu kumi na watatu.

Chai ile Tahadhari hakuweza kuimeza. Kumi na watatu, ndiyo. Ila saa tatu ilikuwa imemkaa kichwani haitoki, maana saa tatu yeye alikuwa mlangoni.

Walimruhusu kuingia mchana. Daktari alisema kiasi kilikuwa kidogo, na wamewahi, ila umri wake si wa kufanyiwa mzaha. Watamwangalia mpaka kesho kutwa, na hatamwahidi mtu chochote kabla ya hapo. Bi Doa alikuwa amelala chali, mdogo kuliko siku zote, dripu mkononi.

"Mwanangu," akasema, sauti ya kukwaruza. "Nilikuona ukimpiga kofi yule dada mwenye mimba."

"Nilipiga kijiko."

"Umefanya vizuri. Umetuokoa."

Tahadhari angeweza kuitikia na kunyamaza. Hakuna aliyejua. Alisimama pale, akatamani mtu aingie, nesi, yeyote. Hakuingia mtu.

"Bi Doa," akasema. "Ile mara ya pili ulipoonja, nilikuwa mlangoni. Nilishaliona doa. Nilikutazama mpaka ukameza."

Tone moja la dripu likashuka, na jingine, na jingine.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa watanicheka."

Bi Doa alimtazama muda mrefu, macho mekundu, hayapepesi. Tahadhari alifikiri sasa atamfukuza, na angekuwa na haki.

"Na sasa unaogopa nini?"

"Nakuogopa wewe."

"Ehe." Bibi alifumba macho. "Basi vuta kiti ukae hapo, uniogope vizuri. Na usithubutu kwenda nyumbani kabla sijafa au sijapona."

Tahadhari akavuta kiti, akakaa.