Ndoo ya Senene wa Kuchinja

Mara ya kwanza mama mkwe wangu kuja kwetu Mkolani, alileta kuku wa kienyeji aliyekwisha kuchinjwa na kupikwa huko huko Bukoba, kafungwa vizuri kwenye majani ya mgomba. Mama ni Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi. Binti yake alisilimu tulipooana. Ningemweleza tu kwamba sisi tunakula nyama aliyoichinja Mwislamu kwa jina la Mungu, kwa kisu kikali, damu ikatoka yote. Lakini mimi ni mwoga wa wakwe. Nikasema tumbo linauma. Jioni akanikuta jikoni, niko kwenye sahani ya pili ya maharage.

Akaondoka siku mbili kabla ya siku aliyopanga, na mwaka mzima akipiga simu alikuwa anaongea na binti yake tu. Nilimpenda yule mama, na niliona aibu hasa. Mke wangu hakunisaidia. "Akija tena ukamkatalia chakula chake," aliniambia, "utaueleza ukoo mzima mwenyewe."

Novemba akaja. Nilimpokea Usagara aliposhuka kwenye basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu bila kunitazama. Alikuwa amekumbatia ndoo ya plastiki iliyofunikwa kwa kipande cha chandarua, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachakarika.

Tulipofika sebuleni akaitua ndoo miguuni pangu. Walikuwa senene, wale panzi wanono ambao Wahaya humpa mtu wanayemheshimu, na wote walikuwa hai. Alikuwa amewanyunyizia maji njia nzima wasife. Kisha akafungua leso na kutoa kisu kipya, kidogo, kinang'aa.

"Mwenzio amenieleza mambo yenu ya kuchinja," alisema. "Haya, mkwe. Chinja, nakusubiri."

Nikachungulia ndoo. Nilitafuta shingo, sikuona.

"Mama, hawa hawachinjwi. Katika dini yetu samaki na nzige wanaliwa bila kisu, na senene ni ndugu zake nzige."

Akanisogezea kisu. "Tumbo limeanza tena?"

Mke wangu akakimbilia chumbani, na nikamsikia akichekea kwenye mto. Ikabidi nimpigie ustadhi wa msikiti wetu, nikaweka spika ili mama asikie. Nikamuuliza kama senene huchinjwa.

"Una homa?" akauliza ustadhi. "Halali hao. Kaanga, na mimi uniwekee."

"Huyo rafiki yako mmepanga," alisema mama.

Safari hii sikutaka kudanganya hata kidogo. Nikatoa chandarua ili nimshike mmoja, nimwonyeshe mama kwamba hakuna mahali pa kupitisha kisu. Ndoo nzima ikaruka. Walitua kwenye pazia, kwenye msahafu pale rafuni, kwenye kofia yangu na kwenye rozari ya mama. Tuliwakamata mpaka adhuhuri, yeye akidaka watatu kwa mkono mmoja na kunicheka jinsi ninavyowaogopa. Akawanyonyoa mabawa, akawakaanga kwa kitunguu, akaniwekea sahani mbele na kukaa kunitazama.

Nikanawa. Nikasema Bismillahi kwa sauti ili aisikie. Nikala mpaka sahani ikabaki nyeupe, nikaongezwa, nikala tena.

"Kumbe ungeniambia tu," alisema taratibu. "Yule kuku nilimlea mimi. Alikuwa analala mlangoni kwangu."

Nilimwomba radhi, na machozi yalinilengalenga, ingawa nilisingizia kitunguu.

Kisu alituachia. Sasa kila akija huleta kuku hai aliyefungwa miguu, ananikabidhi, na kabla hajaitikia shikamoo yangu ananiuliza tumbo linaendeleaje.